Namba tasa ya tarakimu 39 iliyothibitishwa kwa mkono

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Hiyo ni namba tasa. Ukiacha 1 na yenyewe, hakuna namba nzima inayoigawanya bila kubakiza kitu. Mfaransa Édouard Lucas ndiye aliyetangaza hivyo mwaka 1876, baada ya kufanya hesabu yote kwa mkono, na kwa miaka 75 iliyofuata hakuna mtu aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Siku hizi zikitajwa namba tasa kubwa, wengi hukumbuka ile iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320. Naiheshimu, na nitaigusa mbele kidogo. Lakini ile huwezi kuiandika ukaitazama. Hii ya Lucas inaenea kwenye mstari mmoja, unaweza hata kuikariri (mimi nimeikariri), na ndani ya mstari huo kuna karibu kila kitu ninachokipenda katika nadharia ya namba. Umbo lake ni jepesi kupita kiasi, na kila sifa nzuri iliyo nayo inatokana na umbo hilo hilo.

Umbo lenyewe ni 2¹²⁷ − 1. Kwenye mfumo wa mbili, ule unaotumiwa na kompyuta, namba hii ni tarakimu 1 iliyoandikwa mara 127 mfululizo, bila sifuri hata moja. Mfumo wetu wa kumi unauficha mpangilio huo na kutuachia tarakimu 39 zinazoonekana kama zimemwagwa ovyo.

Namba za namna hii huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa kauli yake, vinaleta namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Sharti la kwanza halina ugumu. Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, la sivyo namba inavunjika papo hapo: 2⁶ − 1 ni 63, nayo inagawanyika kwa 2² − 1 na kwa 2³ − 1. Ila sharti hilo halitoshi. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Orodha ya Mersenne ilikosea pande zote mbili: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 ziliachwa nje. Kuhusu 127 alipatia. Siamini kwamba alikuwa na njia ya kujua, maana njia hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Ili kuona ni kwa nini haikuwepo njia, chukua namba ndogo zaidi ya ukoo huu, 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647. Leonhard Euler alionyesha mwaka 1772 kwamba ni tasa, na alifanya hivyo kwa kugawanya. Si kugawanya kwa kila namba, bila shaka. Ukitaka kujua kama namba ni tasa unahitaji kujaribu vigawo mpaka kwenye kipeuo chake cha pili tu, ambacho hapa ni kama 46,340. Tena kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Masharti hayo mawili yanafagia karibu kila kitu. Zinabaki namba chache ambazo mtu mvumilivu anaweza kuzimaliza.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa 2¹²⁷ − 1. Kipeuo chake cha pili kinazidi 13,000,000,000,000,000,000. Masharti ni yale yale, isipokuwa 62 inageuka 254. Ukichuja kwa masharti hayo mawili unabaki na namba zaidi ya milioni bilioni 25 za kujaribu. Ukijaribu moja kila sekunde, bila kulala, utahitaji takriban miaka milioni 800. Unaweza kuzipunguza tena kwa kuacha zile zisizo tasa, lakini kwanza itabidi uwe na orodha ya namba tasa zote mpaka huko juu, na orodha hiyo hakuna aliyenayo. Mlango wa kugawanya umefungwa kabisa.

Ndiyo maana Peter Barlow, Mwingereza, aliandika mwaka 1811 kwamba namba kamilifu inayotokana na 2³¹ − 1 ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Namba kamilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake ukiiacha yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3, na tangu enzi za Euclid inajulikana kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa moja. Barlow aliona namba hizo ni za udadisi tu, hazina matumizi, kwa hiyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alipima uwezo wa kugawanya na akaupima vizuri. Hakuona kwamba swali la utasa linaweza kujibiwa bila kugawanya.

Hapo ndipo anapoingia Lucas, na hapa naomba msomaji anipe muda, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Lucas alikuwa akichunguza mfuatano wa Fibonacci na ndugu yake, 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia na ambao leo unabeba jina la Lucas. Kutoka humo alipata kipimo cha ajabu. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 7. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 47. Endelea hivyo, na kila namba inapozidi ile unayoipima, igawanye kwa hiyo na uchukue baki tu. Kama kipeo p kinabakiza 3 kikigawanywa kwa 4, basi 2ᵖ − 1 ni tasa endapo hatua ya p − 1, ukihesabu ile 3 ya mwanzo kuwa hatua ya kwanza, inatoa sifuri. Ikitoa kitu kingine chochote, si tasa.

Tuone kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1. Hatua ya kwanza 3, ya pili 7, ya tatu 47. Ya nne ni 2207, ambayo ukiigawanya kwa 127 inabakiza 48. Ya tano: 48 × 48 − 2 ni 2302, baki 16. Ya sita: 16 × 16 − 2 ni 254, na 254 ni 127 mara mbili. Baki sifuri. 127 ni tasa, na hatukujaribu kigawo hata kimoja.

Kwa 2047 mambo ni tofauti: 3, 7, 47, 160, 1034, 620, 1609, 1471, kisha 160 tena. Ukishaiona 160 mara ya pili unajua kwamba mfuatano utazunguka milele katika namba hizo tano na sifuri haitakuja kamwe. Nilipozifanya hesabu hizi kwa kalamu nilisimama pale kwenye 160 ya pili kwa muda. Namba ilikuwa inakiri kwamba si tasa, huku 23 na 89 hazijatajwa popote.

Kwa 2¹²⁷ − 1, kutoka hatua ya kwanza hadi ya 126 ni kuzidisha mara 125. Ni kazi nzito kwa mkono, kwa kuwa kila zao linaweza kufika tarakimu 77 kabla ya kuchukua baki, ila ni kazi ya binadamu, si ya miaka milioni 800. Na hapa umbo la namba linasaidia tena. Kila anayejua kwamba baki la kugawanya kwa 9 hupatikana kwa kujumlisha tarakimu anajua siri hii: 9 ni 10 toa 1, kwa hiyo kumi inahesabika kama moja. Vivyo hivyo, tukifanya kazi kwa mabaki ya 2¹²⁷ − 1, namba 2¹²⁷ inahesabika kama 1. Unakata zao kwenye mfumo wa mbili, tarakimu 127 za chini huku, zilizobaki huku, unazijumlisha, basi. Rudi kwenye 2207: ni 17 × 128 + 31, na 17 + 31 ni 48. Hakuna kugawanya popote.

Lakini kwa nini sifuri ithibitishe utasa? Wengi wanaoeleza kipimo hiki huruka hapa, na nadhani wanamnyima msomaji sehemu tamu kuliko zote. Mfuatano 3, 7, 47 unafuata nyayo za namba moja: chukua kipeuo cha pili cha 5, jumlisha 3, gawanya kwa 2. Tuiite w. Jumlisha w na kinyume chake, 1/w, unapata 3. Jumlisha w² na kinyume chake, unapata 7. Jumlisha w⁴ na kinyume chake, unapata 47. Kila hatua inazidisha kipeo cha w mara mbili. Hatua ya 126 ikitoa sifuri, maana yake ni kwamba, kwa mabaki ya 2¹²⁷ − 1, w ikipandishwa kipeo 2¹²⁶ inakuwa −1, na ikipandishwa kipeo 2¹²⁷ inakuwa 1, na hairudi kwenye 1 kabla ya hapo. Safari yake ina vituo 2¹²⁷ kamili.

Sasa tuseme namba yetu si tasa. Basi ina kigawo tasa, tukiite q, kisichozidi kipeuo chake cha pili. Safari ile ile ya w lazima itoshe pia ndani ya mabaki ya q. Lakini huko, namba za umbo a + b√5, ukiacha sifuri, hazizidi q² − 1, na q² haizidi 2¹²⁷ − 1. Vituo 2¹²⁷ haviwezi kuingia mahali penye nafasi chache kuliko 2¹²⁷. Kwa hiyo q haipo. Kila kigawo, cha namba zote zile milioni bilioni, kimekataliwa kwa pamoja kwa sababu moja: hakina nafasi ya kutosha.

Derrick Henry Lehmer alikipanga upya kipimo hiki mwaka 1930, akaanza na 4 badala ya 3 ili kifae kwa kila kipeo tasa kisicho 2, na ndiyo maana leo kinaitwa kipimo cha Lucas na Lehmer. Kabla yake, mwaka 1914, Mfaransa mwingine, Fauquembergue, alikuwa amerudia hesabu ya 2¹²⁷ − 1 na kupata jibu lile lile. Napenda kwamba kuna mtu aliyeona inafaa kurudia.

Kipimo kinafanya kazi pande zote mbili. Mwaka huo huo wa 1876 Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kuonyesha kigawo chake hata kimoja. Vigawo vilisubiri mpaka mwaka 1903, Frank Nelson Cole alipovitoa: 193,707,721 × 761,838,257,287. Kwa miaka 27 watu walijua kwamba namba inavunjika bila kujua inavunjikia wapi. Kuna wanaoliona jambo hilo ni upungufu wa njia ya Lucas. Mimi naona ndiyo nguvu yake, kwa sababu imetenganisha maswali mawili ambayo kila mtu kabla yake aliyachukulia kuwa moja: je, inagawanyika, na je, inagawanywa na nini?

Sifa nyingine za namba hii hazina umaarufu, lakini ukiingia ndani yake na kuishi humo, yaani ukifanya hesabu zote kwa mabaki yake, unakutana na mandhari nzuri sana. Kwa mfano, 2 ina kipeuo cha pili ambacho ni namba nzima. Ni 2⁶⁴, yaani 18,446,744,073,709,551,616. Izidishe kwa yenyewe unapata 2¹²⁸, ambayo ni 2 × 2¹²⁷, na 2¹²⁷ ni sawa na 1, kwa hiyo jibu ni 2. Jambo hilo utaliona hata kwenye mdogo wake, 127: kipeuo cha 2 humo ni 16, maana 16 × 16 ni 256, baki 2. Nayo −1 haina kipeuo humo kabisa, kwa kuwa namba yetu inabakiza 3 ikigawanywa kwa 4. Kisha kuna hili, ambalo mara ya kwanza nililisoma nikalirudia: namba yoyote yenye kipeuo humo, ukitaka kukipata, izidishe kwa yenyewe mara 125. Unatafuta kipeuo cha pili kwa kupandisha kipeo cha pili, tena na tena, na kwenye ule mzidisho wa mwisho unakikuta mkononi.

Ukitoa 1 kwenye namba hii unapata namba inayovunjika vipande vidogo vidogo: 2 × 3³ × 7² × 19 × 43 × 73 × 127 × 337 × 5419 × 92737 × 649657 × 77158673929. Ukijumlisha 1 unapata 2¹²⁷, ambamo hamna kitu ila 2. Tasa imekaa katikati ya jirani wawili waliovunjikavunjika.

Lucas huyo huyo ndiye aliyebuni mchezo wa Mnara wa Hanoi, mwaka 1883, ule wa kuhamisha visahani kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kuweka kikubwa juu ya kidogo. Idadi ndogo kabisa ya hatua kwa visahani n ni 2ⁿ − 1. Mnara wa visahani 127 ungehitaji hatua nyingi sawasawa na namba yake tasa. Sidhani mtu aliyeishi na namba hizi kwa miaka mingi hakuliona hilo.

Rekodi ilianguka mwaka 1951, mara mbili. Kwanza Aimé Ferrier, kwa mashine ya mezani ya kukokotoa, alipata namba tasa yenye tarakimu 44, ambayo ni 2¹⁴⁸ + 1 ikigawanywa kwa 17. Kisha Miller na Wheeler, kwa kompyuta EDSAC ya Cambridge, walipata yenye tarakimu 79. Hiyo ya pili ndiyo inayonigusa. Chukua namba ya Lucas, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 180, ongeza 1. Ili kuthibitisha utasa wa namba kubwa ni msaada mkubwa kujua vigawo vya namba iliyo pungufu yake kwa 1, na hapa vigawo hivyo vilikuwa wazi, kimojawapo kikiwa ni tasa kubwa iliyokwisha kuthibitishwa kwa mkono. Bingwa wa zamani ndiye aliyetoa ushahidi wa bingwa mpya.

Tangu Januari 1952, Raphael Robinson alipotumia kompyuta SWAC kupata 2⁵²¹ − 1 na 2⁶⁰⁷ − 1 siku moja, kipimo kimebaki kile kile, mashine ndizo zilizobadilika. Ile ya 2024, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyopatikana na Luke Durant katika GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne kwa kompyuta, ilithibitishwa kwa kipimo cha Lucas na Lehmer. Na kauli ya Barlow kuhusu kukosa matumizi imepitwa: 2⁵²¹ − 1 imo kwenye viwango vya usimbaji fiche vya Marekani, na 2¹²⁷ − 1 yenyewe ni msingi wa mfumo uitwao FourQ, uliotangazwa mwaka 2015 na watafiti wa Microsoft, kwa sababu ile ile ya kwamba kuchukua baki ni kukata na kujumlisha tu.

Limebaki swali moja ambalo nalipenda kuliko yote, na halijajibiwa. Anza na 2. 2² − 1 ni 3, tasa. 2³ − 1 ni 7, tasa. 2⁷ − 1 ni 127, tasa. 2¹²⁷ − 1 ni namba yetu, tasa. Je, ukiifanya namba yetu kuwa kipeo cha 2, kisha ukatoa 1, utapata tasa tena? Eugène Catalan aliliinua jambo hili mara tu Lucas alipotangaza matokeo yake. Namba hiyo ingekuwa na tarakimu zaidi ya 50,000,000,000,000,000,000,000,000,000,000,000,000, kwa hiyo haiwezi kuandikwa, na kipimo cha Lucas kingehitaji hatua karibu 2¹²⁷, kwa hiyo hakiwezi kutumika.

Kwa maoni yangu si tasa. Kufaulu mara nne kwa mwanzo mdogo hivyo ni ushahidi mwepesi, na utasa huadimika haraka sana namba zinapokua. Tena njia hii imewahi kumwangusha mtu mahali pengine: 2¹³ − 1 ni 8191, tasa, ila 2⁸¹⁹¹ − 1 si tasa, kama Wheeler yule yule alivyoonyesha mwaka 1953 kwa kompyuta ILLIAC.

Kuthibitisha kwamba ni tasa kutahitaji wazo jipya, la uzito wa lile la 1876. Kuthibitisha kwamba si tasa kunahitaji kigawo kimoja tu, na kujaribu kigawo ni kazi nyepesi ajabu. Chagua q ya umbo 2k × (2¹²⁷ − 1) + 1, inayobakiza 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe mara 127 mfululizo, kila mara ukibaki na baki la q. Ukimaliza na 2 mkononi, q inaigawanya namba ile isiyoandikika, na dhana ya Catalan imekwisha. Kompyuta ya kawaida inafanya jaribio moja kwa chini ya sekunde. Watu wamejaribu k nyingi mno, na zote mpaka sasa zimekataa.